Ukurasa wa Vijana: Hadithi Iliyokatika Katikati



Ndugu wasomaji, wakubwa kwa wadogo, mwezi huu ukurasa wetu umetoka Same, mji uliolala chini ya Milima ya Pare, penye njia kuu iunganishayo Dar es Salaam na Arusha. Tulifika huko wakati wa likizo ya shule, tukakaribishwa na walimu wa madrasa moja ya mjini. Baada ya sala ya Alasiri tukaketi barazani pamoja na vijana wapatao ishirini, wavulana na wasichana, wengine wa shule za msingi na wengine wa sekondari. Upepo wa Same ulikuwa ukivuma na kutimua vumbi, nasi tukasogea karibu na ukuta ili tusikizane.

Tulikuwa tumekusudia kuzungumza habari ya kusoma vitabu kwa jumla, lakini hatukufika mbali. Tulipouliza ni kitabu gani kilichowavutia mwaka huu, binti mmoja wa kidato cha pili alitaja kitabu cha Kiingereza kiitwacho Coraline, na papo hapo baraza zima likachangamka. Waliokisoma walikuwa watatu tu, lakini walioiona sinema yake walizidi nusu. Wengine walicheka, wengine walijikunyata, na mtoto mmoja wa darasa la tano aliinamisha kichwa akawa anachezea kifungo cha shati lake. Sababu ya kufanya hivyo tuliijua baadaye, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Kwa faida ya wazazi wasiokijua kitabu hicho, twaeleza kwa ufupi. Kilitungwa na Mwingereza Neil Gaiman, kikatoka mwaka 2002. Habari zake ni za msichana aliyehamia na wazazi wake katika nyumba kuukuu. Baba na mama wana kazi nyingi, hushinda mbele ya kompyuta, hawana nafasi ya kuzungumza naye, na chakula chao hakimpendezi. Katika nyumba hiyo pana mlango mmoja ambao ukifunguliwa waonyesha ukuta wa matofali tu. Lakini siku moja msichana aufungua na ukuta haupo. Mbele yake pana ujia wa giza, na mwisho wa ujia pana nyumba iliyo sawa na yao, na ndani yake mama aliye kama mama yake, ila mahali pa macho ana vifungo vyeusi vya nguo. Mama huyo hupika vizuri, ana nafasi wakati wote, na humpa mtoto kila atakacho. Sharti lake ni moja: msichana akubali kushonewa vifungo machoni, akae huko daima. Msichana akataa. Arudipo kwao akuta wazazi wake wa haki wametekwa, naye hana budi kurudi peke yake kwa yule mlaghai kwenda kuwaokoa.

Sinema yake ilitoka mwaka 2009, ikiongozwa na Mmarekani Henry Selick. Humo hamna mtu hata mmoja. Wote ni wanasesere waliosogezwa kidogo kidogo kwa mkono na kupigwa picha moja baada ya moja. Ili sinema iende sekunde moja tu yatakiwa picha 24, basi msomaji na ahesabu mwenyewe kazi iliyofanywa kwa filamu inayopita saa moja na nusu. Kadhalika, mtengenezaji aliongeza mvulana mmoja, jirani wa yule msichana, ambaye kitabuni hayumo.

Haya sasa ni maoni ya vijana wenyewe, kama tulivyoyaandika.

Yule binti wa kidato cha pili alisema kwamba kitabu kinatisha kuliko sinema, ingawa hakina picha nyingi. Alisema: "Katika sinema msichana ana mwenzake wa kuzungumza naye. Kitabuni yuko peke yake. Nilipokuwa nikisoma niliona kama mimi ndiye niliyemo ujiani, na hapana wa kunishika mkono." Aliongeza kwamba limo kitabuni jambo alilolipenda kuliko yote, nalo halimo katika sinema. Msichana akumbuka siku moja alipokuwa mdogo, yeye na baba yake waliposhambuliwa na nyigu. Baba alisimama akaumwa ili mtoto apate kukimbia. Baadaye baba akarudi palepale kuchukua miwani yake iliyoanguka, na safari hii alikuwa akijua nyigu wapo, naye alikuwa akiogopa. Msichana aona kwamba ushujaa wa baba yake ulikuwa katika kurudi kule, kwa sababu alirudi na hofu yake moyoni.

Mvulana wa kidato cha nne alimpinga. Alisema sinema ndiyo yenye kutisha zaidi, kwa kuwa mtu hana uwezo nayo. "Kitabu nikiogopa nakifunga, nakunywa maji, nauliza mtu. Sinema haikungoji. Ukifumba macho, masikio yanaendelea kusikia." Hoja yake ilitupendeza, maana imo ndani yake tofauti kubwa iliyopo baina ya vitu hivi viwili. Msomaji huenda kwa mwendo wa akili yake, lakini mtazamaji huburutwa kwa mwendo wa mwingine.

Wa tatu, kijana apendaye ufundi, alisema hakuogopa hata kidogo tangu alipojua jinsi wanasesere wale walivyosogezwa. Alijaribu mwenyewe kwa udongo wa mfinyanzi na simu ya kaka yake, akafanya mbuzi wa kutembea hatua tatu, kazi iliyomchukua siku nzima. Wenzake walimcheka, lakini sisi tulimpongeza. Aliyejua kitu kilivyotengenezwa si rahisi kitu hicho kumtawala.

Msichana mmoja mdogo aliuliza swali ambalo tulijua litakuja: "Je, yafaa sisi Waislamu kusoma hadithi za namna hiyo?" Mwalimu wa madrasa alimjibu kwa upole. Alisema kwamba hadithi ya kutungwa, ambayo msomaji ajua kuwa imetungwa, hupimwa kwa mambo inayoyaacha moyoni. Ikimfundisha mtoto kumwomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu, au kumwendea mganga na kufunga hirizi, imempotosha. Ikimfundisha kuwapenda wazazi wake wajapokuwa wana kasoro, na kusimama imara mbele ya mlaghai, haikumdhuru. Tena alisema: sisi twaamini kwamba majini wapo, lakini nao wameumbwa kama sisi, nasi hatukuamrishwa kuwaogopa kiumbe kwa kiumbe. Mtoto mwenye hofu usiku na asome Ayatul Kursiy na sura mbili za kujikinga, Suratul Falaq na Suratun Naas, kisha alale.

Baraza lilipokwisha, na wengine wamekwenda kutawadha, yule binti wa kidato cha pili alibaki. Alitueleza mkasa wa mdogo wake, mtoto yule aliyekuwa akichezea kifungo, na baada yake mjomba wao akatuthibitishia na kuturuhusu tuuandike, mradi tusitaje jina la mtu wala la kijiji. Nasi twauandika hivyo.

Mtoto huyo aliitazama sinema ya Coraline nyumbani kwa ndugu yao hapo Same, usiku wa kuamkia safari ya kwenda kwa bibi yao mlimani, upande wa Mbaga. Hadithi ilipofika mahali ambapo yule mama wa uongo aleta sindano na vifungo, umeme ulikatika. Watoto walingoja, umeme haukurudi, wakaenda kulala. Mmoja wa wakubwa akamtania kwa kusema kwamba bibi za mlimani ndivyo walivyo, utaona mwenyewe ukifika. Asubuhi wakapanda gari, wakafika Mbaga jioni, baridi imeanza kushuka.

Bibi alikuwa amepika makande na kuwasha moto mkubwa jikoni. Ni mwanamke wa miaka mingi, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni alioupikia maisha yake yote. Watoto wakamwamkia shikamoo, wakala, wakaota moto. Hapo bibi akaona shati la mjukuu wake limekosa kifungo. Akainuka, akaleta kopo lake la bati, akafungua, akatoa sindano, uzi, na vifungo vitatu vyeusi, akavipanga kiganjani achague kilicho sawa. Akasema, "Njoo, baba, nikushonee."

Mtoto alipiga ukelele uliosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Alitoka mbio gizani akilia kwamba bibi anataka kumshona macho, bibi si bibi, bibi ni mwingine. Majirani walikuja na tochi. Wakamkuta mtoto kajificha katika migomba, akitetemeka, asiyetaka kuguswa. Walipomwuliza alirudia yale yale. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na sindano yake mkononi, hajui afanye nini.

Ndugu wasomaji, mpaka hapo mtu aweza kucheka. Hata sisi tulicheka tuliposimuliwa. Lakini sikilizeni kilichofuata. Asubuhi, bombani, wanawake wawili walisema kwa sauti ndogo kwamba mtoto mdogo hasemi uongo. Wa tatu akakumbuka kwamba bibi yule huamka usiku wa manane na husikika akinong'ona peke yake. Wa nne akataja macho yake. Jua lilipotua, neno lilikuwa limekwisha zunguka kijiji, na watoto wa jirani waliokuwa wakija kuomba miwa hawakuja. Bibi hakuenda kuteka maji siku mbili. Siku ya pili alimwambia mjukuu wake wa kike: "Mimi nimemlea baba yenu hapa hapa penye moto huu. Leo mwanawe ananikimbia. Basi kama ndivyo, nirudisheni kwa ndugu zangu."

Hatuhitaji kumweleza msomaji wa Tanzania neno hilo laweza kufika wapi. Katika nchi yetu, na hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho yao ulihesabiwa kuwa ushahidi, hali kila mtu ajua kwamba moshi wa jikoni ndio uliowafanya hivyo. Aghalabu mambo hayo huanzia kwenye neno dogo la mtu aliyeogopa, na jirani aliyelichukua bila ya kulichunguza.

Binti yule alikuwa amekisoma kitabu mpaka mwisho. Basi alitambua mara moja mdogo wake alikokwama. Lakini alifikiri pia kwamba kumwambia mtoto pekee hakutoshi, maana waliosikia nusu ya hadithi sasa ni kijiji kizima. Kwanza alikesha usiku mmoja ili ajue habari ya ule mnong'ono. Akamwona bibi akiamka, akitawadha kwa maji ya baridi, akisali rakaa zake, kisha akikaa na tasbihi akimtaja Mola wake mpaka alfajiri. Asubuhi akaenda nyumba kwa nyumba, kwa adabu, akawaomba mama zake wale waje jioni na watoto wao kusikiliza hadithi. Wengine walikuja kwa kupenda hadithi, wengine kwa udadisi tu.

Jioni hiyo, jikoni kwa bibi, alisimulia Coraline yote tangu mwanzo, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kipare. Alisimulia mlango, ujia, mama wa uongo, sindano na vifungo. Alipofika pale umeme ulipokatika hakusimama. Akaeleza jinsi msichana alivyokataa, alivyorudi na hofu yake, alivyowapata wazazi wake, na jinsi baada ya hapo chakula chao kibaya na shughuli zao nyingi havikumchukiza tena, kwa kuwa alikwisha jua tofauti ya anayekupenda na anayetaka kukumiliki. Mdogo wake alikuwa amejificha nyuma ya mama mmoja wa jirani. Kidogo kidogo akasogea.

Bibi naye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hadithi hiyo si ngeni kwake, maana hata wao walihadithiwa zimwi aliyejifunza sauti ya mama mtu ili watoto wamfungulie mlango. Akauliza, "Na huyo msichana aliponea wapi? Sisi wetu walitambua kwa sauti." Hapo wanawake wakacheka, kila mmoja akaanza kueleza vile alivyohadithiwa yeye, na mazungumzo yakawa marefu. Mama yule aliyetaja mnong'ono wa usiku alikuwa wa mwisho kuondoka. Hakusema neno la kuomba radhi mbele ya watu, lakini kesho yake alfajiri alileta ndoo ya maji akaiweka mlangoni kwa bibi.

Na kifungo? Kifungo kilishonwa siku ya nne. Tulikiona kwa macho yetu pale barazani: cheusi, kikubwa kuliko vingine, kwa uzi mweupe.

Kijana mmoja mkubwa pale Same, anayesomea ualimu, alituuliza kwa nini tuhangaike na hadithi za ng'ambo hali tunazo zetu. Tulikubaliana naye nusu. Kwa hakika, mwenye kutaka hadithi ya kutisha iliyoandikwa kwa Kiswahili safi hana haja ya kwenda mbali. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, alitunga Mzimu wa Watu wa Kale, akapata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kutunga hadithi ya mwaka 1957 na 1958, na kitabu kikachapishwa mwaka 1960. Humo tajiri mmoja aonekana amekufa penye mzimu, amekatwa kichwa, na watu wote wako tayari kuwasingizia waliomo mzimuni. Aja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Hamwiti mganga. Anauliza, anatazama, anapima maneno ya kila mtu. Hatutafichua mwisho wake, maana twataka mkakisome. Twasema tu kwamba mwandishi ametumia hofu ya mzimu kutufundisha kutazama mikono ya wanadamu. Mwaka 1968 akatoa kingine, Kisima cha Giningi, kwa njia hiyo hiyo. Si vitabu vya watoto wadogo, lakini kijana wa sekondari atavifurahia, na yule binti wa kidato cha pili, alipokesha kuchunguza mnong'ono wa bibi yake, alifanya kazi ya Bwana Msa pasipo kumjua.

Kabla ya kuondoka Same tulipanda nasi mpaka Mbaga, tukaona kwa macho yetu mambo mawili ambayo kila kijana wa Pare na wa kwingineko yafaa ayafikiri. Wageni wapandao huko huonyeshwa mwamba uitwao Malameni, na huelezwa kwamba zamani watoto walitolewa kafara hapo ili kuwatuliza pepo wabaya, na kwamba mambo hayo hayakukoma mpaka miaka ya 1930. Huonyeshwa pia mapango ya Mghimbi, na huelezwa kwamba katika miaka ya 1860 wenyeji walijificha humo wasikamatwe na wawinda watumwa.

Tulisimama kitambo tukiyafikiri hayo. Pango ni giza, na mtoto yeyote ataliogopa. Lakini waliolijua pango, waliokuwa wameliingia na kulikagua, liliwaficha na kuwaokoa. Mwamba upo wazi juani na hewa yake ni nzuri, wala mwamba wenyewe haukumdhuru mtu. Waliodhuru ni watu wazima walioogopa wasichokichunguza, na malipo ya hofu yao yakatolewa na wadogo wasioweza kujitetea. Wala msidhani kwamba hayo yalikuwa ya Wapare peke yao. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akadhaniwa ni mkosi, na wengi waliuawa au kutupwa. Na kabla ya Uislamu Waarabu nao walikuwa wakiwazika mabinti wao wangali hai. Hofu isiyochunguzwa humtafuta mtu wa kumwangukia, na kwa kawaida humwangukia mnyonge: zamani mtoto, leo kikongwe.

Kwa hiyo, enyi wazazi, hatusemi mpige marufuku hadithi za kutisha. Wazee wetu walituhadithia mazimwi penye moto, nasi hatukuharibika. Lakini kumbukeni walifanyaje. Walikuwa wamekaa nasi. Tulipoogopa walitusogeza karibu. Na hawakupata kutuacha tukalale zimwi angali hai. Leo mtoto hupewa simu akaachwa peke yake na zimwi lake, na umeme ukikatika, au bando likiisha, zimwi hubaki naye usiku kucha. Mwandishi wa Coraline mwenyewe amepata kusema kwamba watu wazima hukiogopa kitabu chake kuliko watoto, kwa sababu mtoto hukisoma kama safari ya kishujaa. Tunadhani ni kweli, lakini kwa mtoto aliyefika mwisho wa safari.

Basi twawausia mambo manne.

La kwanza, mtoto chini ya miaka kumi asitazame sinema ya kutisha bila ya mkubwa kando yake, na mkubwa huyo awe wa kueleza, si wa kutania. Neno la mzaha kwa mkubwa huwa habari ya kweli kwa mdogo.

La pili, hadithi iliyoanzwa imalizwe. Ikikatika kwa sababu yoyote, yule anayejua mwisho na ausimulie kabla ya kulala. Asiyejua na autunge mwenyewe mwisho wa heri, akisha kumwambia mtoto kwamba ni wa kutunga.

La tatu, kijana akiweza, akisome kitabu kabla ya kuiona sinema. Akisha soma atakuwa amejenga picha zake mwenyewe, na atatazama zile za mwingine kwa kuzipima, kama walivyofanya vijana wetu wa Same.

La nne, na hili ni kubwa kuliko yote: mtoto akisema neno la kumtuhumu mtu, hasa mzee, asidharauliwe wala neno lake lisichukuliwe bombani. Aulizwe kwa upole ameona nini, wapi, na kabla ya hapo alitazama nini. Tumeamrishwa kuchunguza habari inayotufikia tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Amri hiyo haikutolewa kwa makadhi peke yao. Imetolewa hata kwa wanawake wawili waliokutana asubuhi na ndoo zao.

Nanyi vijana, mwezi ujao tungependa kupata maoni yenu juu ya swali hili: ni hadithi gani ya kutisha mliyohadithiwa na bibi au babu yenu, na ilikwisha vipi? Iandikeni kwa Kiswahili kizuri, upande mmoja wa karatasi, isizidi kurasa mbili, na msisahau kueleza ni wa sehemu gani. Ila twaweka sharti moja. Kabla ya kuileta, mrudieni bibi huyo au babu huyo kama yu hai, mkae naye, mmsomee mpaka mwisho, mmwulize kama mmekosea mahali. Akiwa na sindano mkononi, msikimbie.

Wassalaam.